Je, Muuzaji Akinyamaza Amedanganya?



Labda mtashangaa kuona kwamba sisi wa Singida tunaandika habari za mashua. Maziwa yetu ya mjini, yaani Singidani na Kindai, ni ya maji ya chumvi, na wengi wetu huyatazama tu tukipita. Ndugu zetu wa Iramba ndio wanaoijua mitumbwi, kwa sababu ya uvuvi wa ziwa Kitangiri. Lakini swali tunalotaka kuliuliza mwezi huu tulilipata baharini, nalo linatuhusu sisi wauza kuku, wauza ng'ombe na wauza mafuta ya alizeti sawasawa na linavyowahusu watu wa pwani. Swali lenyewe ni hili: mtu akiuza kitu chenye kasoro ambayo mnunuzi haioni, naye akanyamaza, je, amedanganya? Au mdanganyifu ni yule tu aliyefungua kinywa chake na kusema neno lisilo kweli?

Tutasimulia kwanza mambo yaliyotupata, kisha tutalitazama swali.

Jinsi tulivyonunua mashua

Tulipomaliza chuo cha ualimu tulipangiwa kazi katika shule moja ya msingi wilayani Kilwa. Mwaka 1986, tulipokuwa tumekwisha kaa huko miaka mitatu, tulinunua mashua ya zamani. Ilikuwa ndogo, urefu wake futi 20 hivi, yenye mlingoti mmoja na tanga moja la pembetatu. Mshahara wa mwalimu siku zile ulikuwa mdogo, na wakati wa masika barabara haikupitika. Tukaona kwamba mtu mwenye chombo chake aweza kupata samaki siku ya Jumamosi, na kusafirisha nazi au abiria wawili watatu. Tena tukiri kwamba mtoto wa mfugaji aliyekulia mahali pasipo hata mto wa kudumu alikuwa na hamu ya kushika usukani.

Aliyetuuzia alikuwa mtu mzima, mzoefu wa kazi hiyo, nasi tulimwamini. Mashua ilikuwa imepakwa rangi mpya, buluu juu na nyeupe chini. Tuliizunguka mara mbili, tukaipiga ngumi ubavuni kama tunavyopiga tikiti maji sokoni, tukasema ni nzuri. Tulilipa mshahara wa miezi mitano, na nusu ya fedha hizo tulizikopa kwa walimu wenzetu.

Jumamosi ya tatu tulitweka tanga asubuhi, tukiwa na mama watoto, mtoto wetu wa kwanza, na vijana wawili wavuvi waliokuwa wakitufundisha kazi. Upepo wa kusi ulikuwa unavuma sawasawa. Tulipokuwa mbali na pwani, ubao mmoja ulio jirani na mkuku uliachia, na maji yakaanza kuingia kwa nguvu. Kijana mmoja alinyakua kanga ya mama watoto, akaisokomeza katika tundu, akaikalia. Sisi wengine tulichota maji kwa ndoo na kwa sufuria ya chakula, mpaka tukakwama katika tope la mikoko. Hakuna aliyekufa. Mtoto wetu alikuwa na umri wa miaka miwili na hakujua kuogelea. Sisi baba yake tulikuwa na miaka ishirini na kitu, na hatukujua vilevile.

Tulimwendea yule aliyetuuzia. Hakukasirika wala hakuona haya. Alitukaribisha mkekani, akatupa maji ya kunywa, akasema, "Pole sana, Mwalimu. Lakini habari ya ubao ule hukuniuliza. Ungeniuliza, ningekuambia."

Tulirudi nyumbani hatuna jibu. Ni kweli hatukumwuliza.

Fundi na mpini wa tezo

Wenyeji walituelekeza kwa mzee mmoja fundi wa vyombo. Tulisubiri maji ya bamvua, yaani zile siku za mwezi mpya au mwezi mpevu ambapo bahari hujaa sana na kupwa sana. Maji yalipojaa tukaisogeza mashua juu kabisa, na yalipopwa ikabaki nchi kavu juu ya magogo ya mnazi. Mzee akashika tezo, akaigeuza, akaanza kugonga ubao mmoja mmoja kwa mpini huku ameinamisha sikio. Ubao mzima hutoa sauti kavu. Ubao mbovu husikika kama mtu anayegonga mto wa pamba. Alipofika karibu na mkuku alichukua patasi, akaisukuma kwa mkono tu, nayo ikazama.

Hapo ndipo alipotufundisha habari za mdudu wa baharini anayekula mbao. Wataalamu husema kwamba kwa asili huyo ni jamaa ya chaza, ingawa umbo lake ni kama mnyoo. Huingia katika ubao angali mdogo sana, kwa tundu lisilozidi kichwa cha pini, kisha hukua humo ndani huku akila. Kwa hiyo tundu la nje hubaki dogo, hali ndani ubao umekwisha kuwa kama sega la asali. Ukipaka lami kidogo na rangi juu yake, hakuna atakayeona kitu. Mzee alisema, "Mwalimu, mbao hazisemi uongo. Ukizigonga zitakuambia. Rangi ndiyo inayosema uongo."

Kazi ilichukua miezi mitatu. Mbao nne zilitolewa na nyingine za mvule zikawekwa mahali pake. Mataruma mawili, yaani zile mbavu za ndani, yalikatwa kutoka matawi yaliyopinda yenyewe, kwa sababu tawi lililopinda kwa asili lina nguvu kuliko ubao ulionyooka ukachongwa kwa kupindisha. Nafasi za kati ya mbao zilikalafatiwa kwa pamba iliyolowekwa mafuta, ikishindiliwa kwa patasi butu. Tukaunguza upande wa chini kwa moto wa makuti ili kuua wadudu waliosalia, tukapaka shahamu iliyochanganywa na chokaa. Mzee alitwambia kwamba hayo ya mwisho hayana mwisho. Chombo cha mbao ni kama shamba: usipolipalilia msimu huu, magugu hayangoji.

Siku moja tulimsimulia neno la yule muuzaji. Mzee, ambaye ni Mwislamu, akatusimulia habari wanayofundishwa ya Mtume wao: alipita sokoni akaona chungu ya nafaka, akaingiza mkono ndani, akakuta chini imelowa maji, akamkemea mwenye nafaka kwa kuficha sehemu mbovu chini ya sehemu nzuri. Mzee hakuongeza neno, akaendelea na kazi yake.

Tuliitumia mashua ile miaka sita. Hatutasahau asubuhi za kaskazi, maji yametulia, tanga limejaa upepo, na hakuna sauti ila ya maji yakipasuliwa na omo. Tulijifunza kuogelea. Tulijifunza pia kwamba mtu akiwa ndani ya chombo hana siri na chombo chake, kwa maana yale aliyoyaficha pwani atakutana nayo katikati ya bahari.

Jinsi tulivyouza

Sasa tunafika penye uzito, na ndiyo sababu ya kuandika.

Mwaka 1992 tulipata uhamisho wa kurudi nyumbani Singida. Kabla ya kuuza mashua tulimwita mzee aitazame. Aligonga, akafika kwa ubao ulio jirani na mkuku, upande wa pili wa ule wa kwanza, akagonga tena. Akasema, "Huu umeanza. Msimu mmoja, labda. Miwili, hapana." Kisha akasafiri kwenda kwenye kazi nyingine.

Mnunuzi alikuwa kijana mvuvi mwenye watoto wawili wa kiume. Sisi tulikuwa tumekwisha paka rangi. Hatukupaka kwa nia mbaya, kwa kuwa kila muuzaji hupaka. Aliizunguka mara mbili, akapiga ngumi ubavuni, tukajiona sisi wenyewe wa mwaka 1986. Kisha akafanya jambo ambalo sisi hatukulifanya: akauliza. Alisema, "Mwalimu, inavuja?"

Tukamjibu, "Kila mashua huvuja kidogo."

Ndugu msomaji, tafadhali litazame jibu hilo. Kila mashua ya mbao huvuja kidogo, hilo ni kweli tupu, na hata fundi angekubali. Hatukusema uongo hata wa silabi moja. Lakini tulilichagua neno hilo la kweli ili lifanye kazi ya uongo. Kijana alicheka, akatoa fedha, tukashikana mikono.

Tulisafiri kwa basi, tukavuka Rufiji kwa kivuko cha Ndundu, maana daraja la Mkapa lilikuja kufunguliwa mwaka 2003 tu. Tulifika Singida salama, tukaanza kununua matofali kwa fedha zile. Usiku mmoja, katika wiki ya tatu, mama watoto aliuliza kama yule kijana alielezwa habari ya ubao. Tukamweleza jibu tulilolitoa. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Siku ile kanga yangu ndiyo iliyoziba tundu. Huyu mwenzetu atatumia kanga ya nani?"

Kesho yake tulituma kwa posta theluthi moja ya bei, pamoja na barua kwa mzee fundi tukimwomba amwambie kijana kila kitu na kuubadilisha ubao. Majibu yalikuja baada ya muda mrefu, kwa mwandiko wa mwanafunzi wetu mmoja. Ubao umebadilishwa. Kijana anasalimu. Na anasema hivi: "Fedha nimepokea, na ninamshukuru Mwalimu. Lakini tangu siku ile mpaka barua ilipofika nimewapandisha wanangu ndani ya mashua nisijue. Siku hizo atanirudishiaje?"

Hatujapata jibu la swali hilo mpaka leo.

Waliobishana zamani

Swali la muuzaji anayenyamaza ni la zamani sana. Cicero, mwanasheria wa Roma, aliandika mwaka 44 kabla ya Kristo kitabu juu ya wajibu wa mtu, akimwandikia mwanawe aliyekuwa masomoni Athene. Humo anawaeleza wanafalsafa wawili waliobishana. Mmoja ni Diogenes wa Babeli, na mwingine ni Antipater wa Tarso, mji ule ule aliozaliwa Mtume Paulo. Mfano mmoja ni wa mtu anayeuza nyumba ambayo yeye peke yake anajua kwamba ina nyoka vyumbani na mbao zake zimeoza. Diogenes alisema kwamba kuficha ni jambo moja na kutosema ni jambo jingine: muuzaji hakumlazimisha mtu kununua, na sheria haimwagizi atangaze kila ubaya wa mali yake. Antipater alimjibu kwamba kumwacha mtu atumbukie katika hasara unayoiona ni kama kumnyima njia aliyepotea.

Yule aliyetuuzia mashua alikuwa mwanafunzi wa Diogenes bila kujua. Nasi tulipokuwa wanunuzi tulikuwa wafuasi wa Antipater. Tulipokuwa wauzaji tukahamia upande wa pili. Hiyo ndiyo hali ya binadamu, na tunaiandika bila kujificha. Kitabu cha Mithali, sura ya 20, kinamtaja mnunuzi anayeitukana mali ili apunguziwe bei, kisha anakwenda zake akijisifu. Kwa hiyo hila haikai upande mmoja wa meza.

Sheria ya mauzo ya bidhaa tuliyoirithi kutoka kwa Waingereza nayo humwachia mnunuzi jukumu kubwa la kujikagulia, hasa anaponunua kwa mtu binafsi asiyefanya biashara ya vitu hivyo. Lakini sheria ya nchi inaweka ukuta wa chini kabisa, ambao mtu akiuvuka atashtakiwa. Haituambii jinsi ya kulala usingizi.

Sisi tunaonaje? Hatusemi kwamba muuzaji anapaswa kusema kila kitu. Cicero anatoa pia mfano wa mfanyabiashara aliyepeleka nafaka kisiwa cha Rhodes wakati wa njaa, naye anajua kwamba meli nyingine za nafaka zi njiani, na bei itashuka. Je, awaambie? Cicero anasema ndiyo. Sisi tunaona hapo pana nafasi ya kubishana, kwa maana nafaka yenyewe ni nzima, na atakayeinunua ataila na kushiba. Bei ni jambo la kila mtu kujitafutia habari zake.

Lakini kasoro iliyofichika ndani ya kitu chenyewe ni jambo lingine. Tunaweka masharti mawili. La kwanza, muuzaji anaijua na mnunuzi hawezi kuiona kwa macho yake. La pili, kasoro hiyo yaweza kumdhuru mtu mwili wake, au kumharibia jasho lake. Masharti haya yakikutana, kunyamaza ni kudanganya, hata kama ulimi haukutikisika. Sababu ni kwamba anayenunua hanunui mbao na misumari tu. Ananunua kwa kuamini kwamba kitu hicho kitafanya kazi yake, yaani mashua itaelea. Muuzaji anayajua matumaini hayo, anayaona usoni pa mnunuzi, na anapokea fedha kwa ajili ya matumaini hayo. Akiwa anajua ni bure, amekwisha sema uongo kwa mkono wake uliopokea.

Kuna njia nyingine ya kukwepa, nayo ni kukataa kujua. Mtu asiyemwita fundi kabla ya kuuza aweza kusema baadaye, "Mimi sikujua." Sheria ya Musa, katika Kutoka sura ya 21, hupambanua kwa makini kati ya mwenye ng'ombe ambaye hakujua kwamba ng'ombe wake hupiga pembe, na yule aliyekwisha onywa asimfunge. Huyu wa pili ana hatia ya damu. Lakini mtu anayeziba masikio ili asionywe, tumweke kundi gani? Tunaona kwamba amekwisha jua, ndiyo maana anaziba.

Yanayotuhusu hapa nyumbani

Sasa tuache bahari, turudi mnadani. Kideri kikiingia kijijini, kuku wawili wakafa usiku, asubuhi tunafanya nini? Wengi wetu tunawakamata wale waliosalia na kuwakimbiza kwa wanunuzi kabla hawajaanza kusinzia. Kuku anaonekana mzima. Mnunuzi hakuuliza. Naye anawachanganya na wengine katika tenga, na ugonjwa unapanda basi kwenda banda la mtu mwingine, labda mjane mwenye kuku sita tu. Na chanjo ya kideri ipo, ni tone moja jichoni.

Hali kadhalika ng'ombe wa kulimia anayelala mtaroni kila jua likipanda, anayeuzwa asubuhi na mapema. Mafuta ya alizeti yaliyochanganywa. Pikipiki iliyopinda fremu katika ajali, ikanyooshwa na kupakwa rangi, kisha kijana anaipandishia abiria. Mambo haya yote ni ule ubao ulio jirani na mkuku.

Labda msomaji atasema, "Mwalimu, wewe una pensheni. Mimi nina ng'ombe mmoja tu, na ada ya mtoto inadaiwa. Nikisema kasoro yake nitapata nusu ya bei." Hatulidharau neno hilo. Ni kweli atapata nusu, na nusu ile nyingine itamwuma. Lakini hasara haifi kwa kufichwa. Huhama tu nyumba, na mara nyingi huhamia kwa mtu aliye maskini kuliko sisi, ambaye hakupewa nafasi ya kuamua kama anaweza kuibeba. Yule kijana wa Kilwa angeambiwa ukweli huenda angenunua vilevile, kwa bei ndogo, na kubadilisha ubao kabla ya kuwapandisha wanawe. Tulichomnyima hasa ni nafasi ya kuchagua.

Vyombo vikubwa vina habari hiyo hiyo. Tarehe 21 Mei 1996 ilizama MV Bukoba katika ziwa Victoria, na tarehe 20 Septemba 2018 ikapinduka MV Nyerere karibu na kisiwa cha Ukara, chombo kilichoruhusiwa kuchukua watu 101, na zaidi ya watu 220 walikufa. Abiria hana tezo ya kugonga, wala hahesabu waliopanda. Anatazama tu uso wa aliyemkatia tiketi.

Tunapendekeza kipimo kimoja, ambacho tulikipata kwa kuchelewa. Kabla ya kupokea fedha, jiulize: kitu hiki ningempandishia, ningemlisha, au ningemlimishia mwanangu mwenyewe, bila kumwambia neno? Kama jibu ni hapana, basi neno hilo ambalo ungemwambia mwanao ndilo deni lako kwa mnunuzi, nalo hulipwa kabla ya kushikana mikono. Ukilipa baadaye, kama tulivyolipa sisi, fedha zitarudi, lakini siku zile hazirudi.

Na mnunuzi naye aulize, na akijibiwa, "Kidogo tu," aombe kugonga mwenyewe.